Kwa mnaoingia maabara ya mwanga na chembe za dhahabu

Wadogo zangu mnaotoka darasa la fizikia, najua kinachowavuta ni leza. Isubirini. Kazi ya mwanzo ni kuosha vyombo vya kioo, na ipeni uzito uleule mnaoipa milinganyo ya Maxwell ya umeme na sumaku.

Njia tunayoanza nayo kutengeneza chembe za dhahabu ni ya Turkevich, ya mwaka 1951. Unachemsha maji yenye chumvi ya dhahabu, unamimina sitrati (chumvi ya asidi ya limau), unaendelea kukoroga. Hapo usiende kunywa chai, simama uangalie bika. Umanjano hafifu unapotea, maji yanabaki hayana rangi, kisha yanaingia weusi wa kibluu, yanapita kwenye zambarau, mwisho yanatulia kwenye wekundu kama wa juisi ya rozela. Chembe hizo zina kipenyo cha nanomita 15 hivi. Uchafu kidogo kwenye kioo unatosha kuzivuruga, ndiyo maana tunaosha kwa asidi haidrokloriki na asidi ya nitriki, tatu kwa moja. Mchanganyiko huo ukae ndani ya kabati la kuvutia gesi, na chupa yake isifungwe kamwe kwa kizibo: gesi inajaa, chupa inapasuka.

Wekundu huo ndio fizikia yenyewe. Mwanga ukizipiga chembe, elektroni zake zinayumba kwa pamoja na kunyonya zaidi mawimbi ya karibu nanomita 520, yaani kijani. Mwanasayansi Michael Faraday aliuchunguza wekundu huo London mwaka 1857, na mwanafizikia Gustav Mie akauelezea kwa hesabu mwaka 1908. Chembe zikishikana rangi inageukia zambarau au bluu, kwa sababu elektroni za chembe jirani zinaanza kuathiriana. Kwa hiyo spektromita, kifaa kinachopima kila rangi ya mwanga inanyonywa kiasi gani, inakuambia hali ya chembe kabla hujaomba zamu ya darubini ya elektroni, ambayo foleni yake mtaizoea.

Wanafizikia wengi wanakwama wanapofika kwenye biolojia, na kinachowakwamisha ni chumvi. Sitrati inazipa chembe chaji hasi, nazo zinasukumana. Ukizitia kwenye bafa ya seli, yaani maji yenye chumvi wanamowekwa seli, chumvi inaiziba chaji hiyo na chembe zinagandana mbele ya macho yako. Zivalishe kwanza protini au polima, ndipo uongeze chumvi kidogokidogo. Pima spektra (vipimo vya spektromita) kabla na baada ya kila hatua, hata msimamizi akikuharakisha.

Usidharau kazi isiyo na leza. Vipimo vingi vya haraka vya malaria vinavyotumika kwenye zahanati zetu vina dhahabu hii hii. Chembe zilizobeba kingamwili zinakamata protini ya kimelea, zinanaswa kwenye mstari, na mstari unaonekana mwekundu. Macho ya muuguzi yanatosha. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kifaa kilichofika mbali kuliko vyote katika fani yetu.

Mkitaka kupeleka mwanga ndani ya mwili, nanomita 520 haifai, himoglobini ya damu inaumeza. Dirisha ambamo mwanga unapenya mwilini liko kati ya nanomita 650 na 900 hivi. Huko tunatumia vijiti vya dhahabu: kijiti chenye urefu mara nne ya upana wake kinanyonya karibu na 800, kinapata joto, na joto hilo linaweza kuua seli ya saratani. Ila vijiti hivyo mara nyingi hukuzwa ndani ya CTAB, aina ya sabuni ambayo yenyewe ni sumu kwa seli. Nimeona mabango ya mikutano yakisifia joto bila kuitaja CTAB kabisa.

Kwa hiyo kila jaribio la seli liwe na sahani ya mwanga bila vijiti, ya vijiti bila mwanga, na moja zaidi ambayo wengi huisahau: ya maji ya juu yanayobaki baada ya vijiti kuzama kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) mara ya mwisho. Wekea seli maji hayo peke yake. Zikifa, shuku CTAB iliyobaki, usiwashe leza siku hiyo. Rudisha vijiti kwenye sentrifuji.