Kwa mnaoanza kupanga maneno chini ya nota

Wanakwaya wengi hushika sauti kwa kusikia, kisha huimba wakisoma maneno. Nota zenyewe zinamfaa zaidi mwalimu na mpiga kinanda. Ndiyo maana nasikitika kila ninapoona wimbo mzuri wa sauti nne ambao maneno yake yamerundikwa mwishoni kwa haraka: sehemu inayosomwa na watu wengi ndiyo iliyopewa muda mdogo.

Kabla ya kufungua programu, kata silabi zote kwenye karatasi huku ukiimba. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo ni mbi-ngu-ni, wala si mbin-gu-ni. Nyu-mba, ng'o-mbe, Kri-sto. Penye utata ni kwenye M na N zinazosimama peke yake. Mkombozi ana silabi nne, M-ko-mbo-zi, na hiyo M inastahili nota yake hata kama ni fupi. Mwokozi ana tatu tu, Mwo-ko-zi. Katika wimbo wa mwendo wa haraka, mtunzi anaweza kuibana M na silabi inayofuata, "Mta-ka-ti-fu", kwenye nota moja. Kama wimbo si wako, muulize mwenyewe, usimwamulie.

Angalia pia mkazo. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo zito la baa (kipande cha wimbo kati ya mistari miwili ya wima) likiangukia kwingine, waimbaji watatamka neno kigeni. Ubeti wa kwanza huwa umekaa vizuri kwa sababu tuni ilitungwa nao. Tatizo hujitokeza ubeti wa pili na wa tatu, kwa hiyo ziimbe beti zote, moja moja, kabla hujaandika chochote.

Sasa kompyuta. Nazungumzia MuseScore, programu ya kuandika nota, kwa kuwa ni ya bure na kwa kuwa Finale, programu kama hiyo waliyojifunzia watunzi wengi, kampuni yake ya MakeMusic ilitangaza Agosti 2024 kwamba haitaiendeleza tena. Maliza nota kwanza. Chagua nota ya kuanzia, bonyeza Ctrl+L, andika silabi. Neno likiendelea, bonyeza kistari (-). Likiisha, bonyeza kitufe cha nafasi. Silabi ya mwisho ikivutwa kwenye nota kadhaa, bonyeza mstari wa chini (_) mara moja kwa kila nota ya ziada. Silabi ya katikati ya neno ikivutwa, tumia kistari vivyo hivyo. Maneno mawili yakigawana nota moja, kama "na u" katika "na utukufu", yatenganishe kwa Ctrl+Nafasi. Kwa ubeti unaofuata, bonyeza Enter.

Msichukulie kistari kuwa herufi. Kwa programu, kinaonyesha kwamba silabi mbili ni za neno moja, na hicho ndicho kinachohifadhiwa ukitoa faili la MusicXML, yaani aina ya faili ya kuhamishia nota, kwenda programu nyingine. Mtu anayebandika vistari kwa mkono ili ukurasa upendeze atakuta vimetawanyika baa zikibadilishwa upana.

Kuhusu mpangilio, ukubwa wa maandishi unaokuja na programu ni pointi 10. Usiushushe ili wimbo utoshe karatasi moja. Punguza baa katika kila mstari, uongeze ukurasa. Beti zikizidi tatu, ziandike chini ya wimbo kama shairi la kawaida. Na besi wakiingia kwa kuchelewa au wakirudia neno peke yao, wapeni maneno yao wenyewe, wasilazimike kuchungulia ya soprano.

Mwisho, nakili maneno yote kutoka kwenye programu, yabandike mahali pengine, uyasome kwa sauti. Makosa ya tahajia yaliyojificha kati ya vistari huonekana hapo. Fanya hivyo kabla ya kutoa PDF, kwa sababu ikishafika kwenye makundi ya WhatsApp ya kwaya nyingine, nakala yenye kosa itaendelea kuimbwa hata baada ya wewe kusahihisha.