Kimeng'enya "huupa" mmenyuko nguvu?

Swali: Katika daftari la mwanafunzi nimekuta sentensi hii: "Kimeng'enya huupa mmenyuko nguvu ya kuendelea." Nilifuta "nguvu" nikaandika "nishati", lakini mwalimu mwenzangu anasema bado ina kasoro. Je, ni kweli? Na utando wa seli unaweza kuitwa "ukuta laini"?

Jibu: Mwenzako ana haki. Sahihisho lako lilihitajika, kwa kuwa nguvu hupimwa kwa newtoni na nishati kwa jouli, na hapa tunazungumzia jouli. Kasoro iliyobaki imo kwenye kitenzi. "Huupa" inakifanya kimeng'enya (kichocheo cha mmenyuko wa kikemikali katika kiumbe hai) mtoaji, ilhali hakina nishati ya kugawa. Kinachofanya ni kupunguza nishati inayohitajika ili mmenyuko uanze. Jumla ya nishati inayotoka au kuingia hadi mwisho haibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni kasi. Andika: "Kimeng'enya hupunguza nishati inayohitajika kuanzisha mmenyuko, hivyo huuharakisha." Angalia "u" mbili katika neno la mwisho: ya kwanza ni ya "hu-", ya pili ni mmenyuko wenyewe. Wanafunzi wengi huidondosha ya pili, na sentensi inabaki bila kinachoharakishwa. Ukikanusha, "hu-" hutoka: "hakiongezi nishati".

Ipo sentensi nyingine ya aina hiyo, na hii imeenea mno: "Kifungo cha fosfeti katika ATP kikivunjika hutoa nishati." (ATP ni molekuli inayobeba nishati ndani ya seli.) Kuvunja kifungo chochote cha kikemikali hugharimu nishati. Zile kilojouli 30.5 hivi kwa moli, katika hali sanifu, hutokana na mmenyuko mzima, kwa sababu mazao yake ni thabiti zaidi kuliko vitu vilivyoanza. Kwa hiyo: "ATP ikimenyuka na maji kuwa ADP na fosfeti, nishati hutolewa."

"Ukuta laini" uache kabisa. Seli za mimea, za kuvu na za bakteria wengi zina ukuta nje ya utando. Seli za wanyama zina utando tu. Msomaji akikuta "ukuta" kwenye seli ya ini, atatafuta kitu ambacho hakipo.

Ukieleza utando, usiseme umetengenezwa kwa "mafuta". Sema fosfolipidi: tabaka mbili, vichwa vinavyovutwa na maji vikitazama nje na ndani ya seli, mikia inayokwepa maji ikiwa katikati. Mafuta ya akiba yana asidi za mafuta tatu kwenye gliseroli na hayana kichwa cha fosfeti, ndiyo maana hujikusanya kuwa matone badala ya kutandaa kama utando. Mafuta yote ni lipidi. Si lipidi zote ni mafuta.

Penye utando kuna mtego mwingine wa kitenzi. Oksijeni hupenya utando, nao utando huipenyeza oksijeni. "Utando hupenya oksijeni" inageuza mambo juu chini. Ayoni za sodiamu, yaani chembe zake zenye chaji, huzuiwa na ile mikia, hivyo hazipenyi kirahisi: zikiteremka kutoka kwenye sodiamu nyingi kwenda kwenye kidogo kupitia mfereji wa protini, andika "hupita". Zikitolewa nje ya seli kwa kutumia ATP, andika "husukumwa".