Deki Imejaa Lejendari na Bado Imekwama Gold 5

SWALI: Salaam aleikum dada. Mimi kijana wa Langoni hapa Lamu, nacheza Hearthstone, ile gemu ya kadi, kwa simu huu mwaka wa pili. Kila mwezi nafika ngazi ya Gold 5 basi, nakaa hapo hapo mpaka msimu unaisha. Natumia shujaa Hunter, deki nimeijenga mwenyewe, kadi za mana 1 (mana ndio nguvu ya kulipia kadi, kila zamu unaongezewa moja) ninazo mbili tu na lejendari, zile kadi za daraja la juu kabisa, ninazo sita za mana 7 kwenda juu, sababu ndizo kadi nzuri zilizonitokea kwenye pakiti. Juzi nimefungwa gemu 7 kati ya 10 nikataka kuivunja deki yote. Nimeweka dasti, ile ya kutengenezea kadi, 1600, nafikiria kutengeneza lejendari moja kubwa ya kuongeza nguvu. Baada ya Idi tunafanya mashindano yetu na marafiki na sitaki aibu. Nisaidie.
Msomaji, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam mdogo wangu. Kwanza hiyo dasti usiiguse, tafadhali, iache ilipo mpaka umalize kusoma.

Mi nimekulia Mkomani, baada ya alasiri wazee wanakaa barazani wanacheza karata na mi pembeni naangalia. Pale unagaiwa, ukiangukiwa na garasa ndio riziki yako ya mkono ule, unavumilia tu. Hearthstone sivyo. Kadi zote 30 umezichagua wewe, kwa hivyo garasa ikiwemo umeiweka wewe mwenyewe, na kwenye deki yako garasa si kile kikadi kidogo cha mana 1 unachokidharau, garasa ni ile lejendari ya mana 9 iliyokaa mkononi zamu ya pili wakati mwenzako ashapanga minioni (askari wa kwenye kadi) wawili mezani wanakupiga na wewe huna la kufanya.

Sasa muangalie Hunter mwenyewe anataka nini. Uwezo wake unalipia mana 2 na unampunguzia shujaa wa adui damu 2, moja kwa moja, minioni waliosimama mbele hawauzuii. Adui anaanza na damu 30. Huyu ni mtu wa haraka, anataka kila zamu apunguze kitu, zamu ya 6 au ya 7 gemu iwe inakaribia kuisha. Wewe umempa kadi zinazosubiri zamu ya 7, ya 8, ya 9. Yaani uwezo unakimbia na kadi zinangoja, na sisi watu wa pwani tunajua manahodha wawili chombo huenda mrama. Hiyo ndio shida yako, nguvu unazo tele, deki yako haijaamua itashinda vipi.

Nimekaa na kalamu nikakupigia hesabu. Ukianza wewe unapewa kadi 3, ukikosa ya mana 1 unazirudisha zote tatu unapewa nyingine, halafu unavuta moja zamu yako ya kwanza. Ukiwa na kadi 2 za mana 1 kwenye deki, nafasi ya kuwa nayo moja mkononi zamu ya kwanza ni karibu asilimia 41. Ukiwa nazo 4 inapanda mpaka 67. Ukiwa nazo 6 inafika 82. Ona tofauti hiyo! Sasa hivi zaidi ya nusu ya gemu zako unazoanza wewe unakaa bure zamu ya kwanza, na kwa Hunter zamu ya kwanza ikipotea mara nyingi hairudi.

Kwa hivyo toa lejendari tano, bakisha moja tu ile inayomaliza gemu haraka zaidi. Najua inauma, unazipenda, lakini usizivunje maana lejendari ukiivunja unapata dasti 400 na kuitengeneza upya ni 1600, ziweke zitakufaa siku ukijenga deki ya polepole ya mashujaa wengine kama Warrior au Priest. Mahali pake mi ningepanga hivi, mana 1 ziwe sita, mana 2 nane, mana 3 saba, mana 4 tano, halafu nne zilizobaki ndio ziwe za mana 5 kwenda juu pamoja na hiyo lejendari yako. Si amri, ni pa kuanzia. Na dasti yako ndio ifanye kazi hapo, kadi ya kawaida inatengenezwa kwa 40 na adimu kwa 100, kwa hivyo hizo 1600 ulizotaka kumalizia kadi moja zinakupa adimu 16. Hutahitaji hata nusu yake.

Kuhusu kufungwa 7 kati ya 10, hapo naomba unisikilize vizuri sababu naona vijana wengi wanavunja deki nzuri kwa hasira za usiku mmoja. Hata deki inayoshinda nusu ya gemu zake kabisa, ukicheza gemu 10 kuna nafasi kama 17 kwa 100 ufungwe saba au zaidi, bahati mbaya tu, hakuna kilichoharibika. Kwa hivyo gemu 10 hazikwambii kitu. Cheza 30 ndio ubadilishe, na ubadilishe kadi mbili tu kwa mara moja, ukibadilisha kumi hutajua ipi imesaidia na ipi imeharibu. Chukua daftari, kila gemu andika ulicheza na nani, ulianza wewe au yeye, na kadi gani ilibaki mkononi gemu ikiisha. Hiyo ya mwisho usiiache kabisa, kadi inayobaki mkononi kila mara inajitaja yenyewe.

Na uzuri ni kwamba upo Gold 5, hapo ni ngazi ambayo ukishafika hushuki tena msimu ule hata ufungwe mara ngapi. Wewe unaona umekwama, mi naona ndio mahali pa kufanyia majaribio bila hasara.

Ukiwa wa pili unapata kadi 4 na Coin, kadi inayokupa mana moja ya bure, basi usiitupe Coin zamu ya kwanza kwa pupa, angalia kama zamu ya 1 na ya 2 zote zitakuwa na kazi ndio uitoe. Na kadi za kuanzia usiweke ya mana 5 eti ni nzuri, rudisha.

Mashindano yenu ni kitu kingine tena sababu wapinzani unawajua, mnakaa nao Mkunguni kila jioni. Kama wengi wao wanacheza Warrior au Rogue wenye silaha, weka kadi ya kuvunja silaha, moja tu. Ukiweka tatu na ukakutana na Mage asiye na silaha, umerudi kwenye garasa. Na zamu ni sekunde 75, kwa hivyo chagueni saa ambayo neti haikwami, mtu asifungwe na mtandao.

SWALI: Dada, mi nacheza Marvel Snap, gemu nyingine ya kadi, jee kukimbia katikati ya gemu si uwoga? Wenzangu wananicheka.
Msomaji, Malindi

JIBU: Si uwoga hata kidogo kaka, ndio nusu ya ufundi wenyewe. Gemu inaanza na kyubu moja, ndio dau lenu, na inaweza kufika 8. Ukitoka mapema kabla hakuna aliyesnapu, yaani aliyeongeza dau mara mbili, unapoteza moja, kwa hivyo ukikimbia mara nane hivyo ni sawa na kung'ang'ania gemu moja mbaya ya 8 mpaka mwisho. Deki yako ni kadi 12 na hakuna inayojirudia, unajua kabisa bado ipi haijatoka. Ikifika zamu ya 5 angalia sehemu zote tatu mnazoshindania, kama mbili zishaenda na kadi ya kuzirudisha huna mkononi, toka.