Mafunzo yamefanyika, bustani zipo, mbona watoto bado wamedumaa?

Swali hilo limetoka kwa msomaji anayesimamia mradi wa lishe Mufindi, na linawahusu wengi wetu Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, kwa takribani asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano Iringa na 50 Njombe, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30. Mikoa hii inalisha wengine mahindi na viazi! Tathmini inayohesabu waliohudhuria semina haitatufikisha popote. Inabidi kuutazama mfumo mzima anamoishi yule mtoto.

Anza na mchoro wa mishale unaoonyesha kipi kinasababisha kipi. Unahitaji wanakijiji 8 hadi 12, karatasi ya manila, kadi, maka pen na muda wa kama saa tatu. Mama wenye watoto wadogo wakae peke yao, baba peke yao, mama wakwe vilevile. Ukiwachanganya mbele ya mtendaji wa kijiji utasomewa risala. Weka kadi ya "udumavu" katikati, uliza kinachouongeza na kinachoupunguza, kisha chora mshale kutoka kila sababu hadi kile inachokibadilisha. Kila kadi iwe na kitu kinachoweza kupanda au kushuka: "saa za mama shambani", "mayai anayokula mtoto". Ukiandika "mafunzo" umeandika tukio, na mshale wake hautakuambia kitu.

Mshale unapata alama ya kujumlisha pale vitu viwili vinapopanda au kushuka pamoja, na ya kutoa pale kimoja kikipanda kingine kinashuka. Mishale ikizunguka hadi ilikoanzia, hesabu alama za kutoa. Hakuna hata moja, au idadi yake ni shufwa: mzunguko unajikuza. Ni witiri: unajizuia.

Sasa tazama viazi. Fedha ya mavuno inaingia, familia inakodi ekari nyingine, saa za mama shambani zinaongezeka, mavuno yanaongezeka, fedha inarudi kwenye mbolea na kukodi tena. Kujumlisha tupu. Pembeni mwa mzunguko huo kuna mshale wa kutoa unaokwenda kwenye milo ya mtoto, aliyeachiwa dada yake, naye bado mtoto, na uji wa mahindi mtupu. Mradi wa kilimo unaosifiwa kwa magunia unaweza kuwa ndio unaompunguzia mtoto chakula, na mradi wa lishe unaomwita mama kikundini kila wiki unamega muda uleule. Hili linaniuma, kwa sababu miradi yote miwili huandikiwa ripoti nzuri. Dodoso la kila mmoja linaishia kwenye mpaka wa mradi wake, na muda wa mama hauulizwi na yeyote.

Mshale unaochelewa ukate kwa vistari viwili. Urefu hubadilika polepole. Usitegemee miezi sita ikuonyeshe udumavu umeshuka. Pima kinachotangulia: watoto wa miezi 6 hadi 23 ambao jana walikula angalau makundi matano ya chakula kati ya manane, maziwa ya mama yakiwemo. Uliza Februari, kazi za shamba zikiwa zimebana, na Julai ghala likiwa na kitu. Ukilinganisha Februari ya kabla ya mradi na Julai ya baada yake, umepima msimu.

Na mtoto wa chini ya miaka miwili apimwe amelala. Akisimama hupungua kama sentimita 0.7, na udumavu unaongezeka kwenye karatasi tu.

Kadi zikizidi 20, punguza. Mchoro usiosomeka na wenyewe ni wa mtaalamu peke yake. Kisha chagua mishale mitatu inayobeba mzunguko na uihakiki: ratiba ya siku ya mama saa kwa saa, kadi za kliniki, matumizi ya fedha ya mavuno. Rudisha mchoro kijijini Siku ya Afya na Lishe, iliyopangwa kila robo mwaka, waukosoe kabla haujaingia kwenye ripoti. Idadi ya semina iwekwe kwenye kiambatisho.