Mwezi Usimwoshe

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unawaandikia vijana wako upya hadithi za jua na mwezi za watu mbalimbali, na unaniuliza kama ni halali kugeuza mwisho wa ile ya Wamaasai, ambamo Jua na mkewe Mwezi wanapigana, na Mwezi anatoka na mdomo uliochanika na jicho moja halipo. Unataka mke aondoke kabla ya ngumi ya kwanza. Nitakujibu, ila acha nianzie kwa kukhu, yaani nyanya kwa Kibukusu.

Hadithi yake unaijua. Wele, Mungu wa Wabukusu, alimuumba Mwezi kwanza, Jua akafuata. Kaka mtu aling'aa kuliko mdogo wake, Jua akaona wivu, wakakamatana. Mara ya kwanza Mwezi alimwangusha Jua, akaombwa msamaha, akamwachilia. Mara ya pili Jua akambwaga kaka yake kwenye tope, na mwanga wake ukafifia mpaka leo. Wele akawatenganisha: Jua awaangazie watu mchana, Mwezi abaki na wezi na wachawi usiku.

Ila sijawahi kukwambia kwa nini kukhu alitusimulia hiyo. Ilikuwa mwaka 1974, mvua za masika, katika nyumba za reli Makongeni, Nairobi. Baba mkubwa wako alikuwa na sare moja tu, ameifua jana yake na kuipiga pasi ya makaa. Sikumbuki tuligombania nini. Nilimpiga ngwala nyuma ya bafu, akaanguka kifudifudi mtaroni. Alipoinuka sikio moja lilikuwa limejaa tope, na kifungo cha shati kinaning'inia kwa uzi mmoja. Shuleni alichapwa kwa uchafu, wala hakunitaja. Usiku huo kukhu akasimulia habari za Jua na Mwezi, na tangu mwanzo hadi mwisho hakunitazama hata mara moja.

Baada ya wiki chache tukaambiwa tuandike insha ya hadithi ya nyumbani. Nami nikaongeza mwisho wangu: Jua anachota maji mtoni, anamwosha kaka yake mpaka anatakata. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa zima. Nikakimbia nyumbani na daftari, nikamsomea kukhu huku nikimgeuzia kila sentensi kwa Kibukusu. Alikuwa anachambua mrenda, hakusimamisha vidole. Nilipomaliza akauliza, "Sasa yale madoa tunayoyaona ni ya nini?"

Sikuwa na jibu. Miaka zaidi ya hamsini, na swali lile bado linanichoma.

Ndiyo maana nakwambia mwezi usimwoshe. Angalia hizo nyingine ulizokusanya. Waazteki wa Mexico ya kale wanasema miungu ilikutana Teotihuacan, na Nanahuatzin, maskini mwenye vidonda, akajitosa motoni, akawa jua. Tecciztecatl mwenye majivuno alisitasita mara nne ndipo akafuata, akachomoza na mwanga uleule, basi akarushiwa sungura usoni. Wainuit wa nchi za barafu za kaskazini wanasimulia msichana aliyempaka masizi mwanamume aliyekuwa akimjia gizani. Kulipokucha akakuta ni kaka yake, akakimbia, akawa jua, na kaka akawa mwezi anayemfukuza mpaka leo, masizi usoni. Tope, sungura, masizi, jicho lililotoka. Wataalamu wanasema ni tambarare za lava iliyoganda, na sibishi. Lakini watu hawa wote walitazama madoa yaleyale wakauliza swali alilouliza kukhu. Badilisha majina, waongee Sheng ukipenda, ila doa liache.

Halafu najiuliza, mbona Waefik wa Nigeria hawana doa? Kwao Jua na mkewe Mwezi walimkaribisha Maji nyumbani, akaja na samaki wake wote, akajaa mpaka wenyeji wakapanda juu ya paa na kuishia angani. Hakupigwa mtu, na hadithi imesimama. Na wewe hukuuliza habari za doa, uliuliza habari za mke kupigwa. Mimi mwanamume kumwambia binti yangu amwache mke na jeraha lake, hapana, naandika huku nasita.

Lakini ile ya Wamaasai umeisoma mpaka mwisho? Katika ile iliyonukuliwa mwaka 1905, Mwezi ndiye aliyempiga Jua kichwani. Jua anaona haya watu kuuona uso wake ulioumizwa, ndipo anawaka kiasi kwamba hatuwezi kumkazia macho. Mwezi hana haya, tunamtazama tutakavyo. Ukiondoa mapigano, aibu ya Jua utaiweka wapi?

Tarehe 16 Februari 1980, Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, jua lilipatwa. Upande wa Voi giza lilikuwa kamili, huku kwetu Nairobi kikabaki kipande chembamba. Chini ya mti wa jirani, kila chembe ya mwanga iliyopenya majanini ilianguka mchangani ikiwa mundu mdogo, mamia ya miundu. Baba mkubwa wako akanitazama akacheka mpaka akashika mbavu. "Leo," akasema, "nimekuangusha mimi."

Ningekuwa mimi ndiye ninayeandika, ningali... Basi, sisemi. Anakuja Jumapili kutoka Bungoma. Njoo na karatasi zako, umsomee yeye kwanza. Mimi nitakaa jikoni nichambue mboga.

Baba yako