Akaunti ya kwanza ya kijana

*Shangazi, shikamoo. Mwanangu ana miaka 15, likizo huuza mabuyu hapa Likoni. Pesa zake ziko kwenye M-Pesa yangu. Nimfungulie akaunti gani? Mama wa Likoni*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kutaka kumtengea chake, maana zikichanganyika na pesa za unga huliwa zikaisha. Kwa kuwa hajafika miaka 18, akaunti utamfungulia wewe mzazi: beba cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho chako.

Ukifika benki usianze na riba. Kwa akiba ya mia mbili mia tatu haionekani. Uliza makato: ya kila mwezi, ya kutoa, ya kuhamisha kutoka kwa simu. Mwambie karani akuandikie kwenye karatasi. Akaunti inayokata shilingi 50 kwa mwezi itamla mtoto shilingi 600 kwa mwaka, na hayo ni mabuyu aliyoyauza juani! Mimi ningechagua isiyo na ada ya mwezi, hata kama tawi liko ng'ambo ya feri. Akiba ya benki yenye leseni hukingwa na bima ya amana, yaani benki ikifilisika mwenye akiba hulipwa, hadi shilingi 500,000, kwa hivyo hapo tulia.

Nenda naye, asikie mwenyewe. Na muulize karani akaunti hiyo itageuka ipi kijana akipata kitambulisho.