Kivinjari kinataka kuzimwa na wateja wamejaa, nisubiri?

SWALI: Shikamoo mama. Nina steshenari Ng'ong'ona, jirani na UDOM. Firefox inasema sasisho la usalama limeshashuka, nizime niwashe. Nikizima, fomu za mikopo za wanafunzi zitakatikia njiani. Antivirusi ninayo. Siwezi kungoja msimu wa maombi uishe?
Msomaji, Ng'ong'ona, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usingoje. Aliye kwenye fomu mwache amalize na kuihifadhi, anayefuata mwombe avumilie kidogo, kisha funga madirisha yote ya Firefox ufungue upya. Bando limeshaliwa, zimebaki dakika chache tu. Usipowasha upya, inayofanya kazi bado ni ile programu ya zamani yenye tundu, yaani kasoro ambayo mvamizi anaweza kupitia.

Matundu haya mengi ni ya kumbukumbu ya kompyuta. Programu hupewa nafasi ya kuweka vitu vyake, ikimaliza huirudisha. Balaa huanza pale iliporudisha chumba lakini ikabaki na ufunguo: mpangaji mwingine anaingiza vyake, nayo inarudi kuvitumia ikidhani ni vile vile ilivyoviacha. Mvamizi ndiye huyo mpangaji, na alichoingiza ni maagizo yake. Oktoba 2024 Firefox ilikutwa na tundu la namna hii, kwenye sehemu inayoendesha michoro inayotembea ndani ya ukurasa. Mtafiti wa ESET, kampuni ya usalama wa kompyuta, aliripoti, na siku iliyofuata Mozilla, wenye Firefox, wakatoa toleo 131.0.2 lililoliziba. Lakini wavamizi walikuwa wameshaanza kulitumia, na mwathirika hakuhitaji kubofya chochote. Kufungua ukurasa kulitosha. Antivirusi inaweza kukamata faili litakaloletwa baadaye. Tundu haizibi.

Tena hiyo si mashine yako peke yako. Kwenye kiti hicho mtoto wa watu anaandika namba ya NIDA, simu ya mzazi na paswedi yake, kwa kukuamini wewe. Hilo ndilo linaloniuma kila nikiingia steshenari nikakuta sasisho limeachwa linasubiri.

Ukishawasha, bonyeza vistari vitatu vya juu kulia, ingia sehemu ya msaada, fungua habari za Firefox, uone kama toleo limebadilika.

Na kama bado una kompyuta ya Windows 7, maana nazikuta sana hapa mjini, Chrome yake iliishia toleo 109 mwaka 2023, haipati viraka vipya tena. Mteja asiingie mtandaoni hapo. Ichomoe intaneti, ibaki ya kuchapa barua na kuprinti.